Kaimu Asiye na Makalio

Wananchi wafahamishwe, na wasiotaka kufahamishwa wafahamishwe zaidi, kwamba Mamlaka ya Usajili wa Ndoa na Mambo Yatokanayo imeingia rasmi katika zama za Ruhusa. Kuanzia sasa hakuna mtu, kompyuta, simu, mlango, lifti wala birika la chai litakalofanya jambo lolote ndani ya jengo letu bila kwanza kujulikana ni nani, ni la nani, na nani kaliruhusu.

Ndivyo lilivyoanza tangazo, na lilisomwa uani na Mkurugenzi mwenyewe, akiwa amesimama juu ya kreti la soda lililofunikwa kitambaa cha kijani. Mimi ndiye niliyeliandika. Mimi ndiye pia niliyelitafuta kreti. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema ili kumbukumbu zikae sawa. Nilikuwa Katibu wa Kamati ya Ruhusa za Watumiaji na Vifaa, na mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupewa kiti kinachozunguka.

Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka. Kila mtu na kila kifaa kilifunguliwa akaunti, na kila akaunti ikapewa daraja. Mwenye Daraja la Kwanza aliona kila kitu na kugusa kila kitu, naye alikuwa Mkurugenzi peke yake. Wa Daraja la Pili waliona bila kugusa. Wa Daraja la Tatu waligusa bila kuona. Wa Daraja la Nne waliruhusiwa kujua kwamba kitu kipo. Wa Daraja la Tano, ambao ndio waliokuwa wengi, waliruhusiwa kukanusha.

Wapo wenye midomo yao waliouliza kwa nini Msajili wa Ndoa, mama mtu mzima aliyeozesha nusu ya mji, amewekwa Daraja la Tatu. Niliwajibu kwa upole kwamba ruhusa hufuata cheo, haifuati kazi. Kazi ni jambo la kupita tu, cheo kina heshima zake. Kwa hiyo Msajili aliweza kuandika kwenye cheti, ila kioo cha kompyuta yake kilikuwa cheusi. Msaidizi wake, kwa sababu ya shahada yake, alikuwa Daraja la Pili: alikiona cheti chote, ila kibodi yake ilikuwa imezimwa. Tukawaketisha bega kwa bega, huyu anasoma, yule anaandika.

"Bwana harusi ni huyo wa kushoto," Msaidizi alisema siku ya kwanza.

"Kushoto kwangu au kwako?" Msajili aliuliza, vidole vikiwa tayari vimeshuka.

Bwana yule aliozeshwa shemeji yake aliyekuja kushuhudia. Kosa lilirekebishwa mchana uleule kwa talaka, na talaka hiyo niliiingiza kwenye ripoti kama huduma ya pili kwa mteja yuleyule.

Birika nalo lilipewa akaunti. Kwa kuwa halikuweza kutaja neno lake la siri, lilikataa kuchemsha. Tukanywa chai ya baridi, na katika kipindi hicho chote hakuna mtumishi hata mmoja aliyeungua ulimi. Niliandika hilo pia, chini ya Usalama Kazini.

Kuhusu maneno ya siri, naomba nitajwe kwa jina la kazi yangu, maana wazo lilikuwa langu. Wataalamu wanasema neno la siri liwe refu na gumu kukisia. Nikaamuru liwe ubeti wenye vina. Kila mtumishi alitungiwa wake, nami niliwatungia wote, bure, na ubeti huo ulisomwa kwa sauti getini kila asubuhi ili Mlinzi athibitishe kwamba kweli ni siri. Wa Mkurugenzi ulikuwa huu:

Simba usiye na mwitu, nani aweza kupinga,
Ukipita mbele yetu, milango yaacha kinga.

Aliupenda sana. Aliusoma kwa kifua chote, na baada ya siku chache hata muuza viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa anaitikia kwenye vina.

Sasa tufike kwa mdogo wangu, maana hapo ndipo watu hupenda kunisema vibaya.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wa nyumba yetu, na nyumbani tunamwita hivyohivyo, Kitinda. Alikuwa ameposwa na Fundi Friji, kijana mpole anayezungumza na majokofu kwa sauti ileile anayozungumzia na wakwe. Fundi alikuwa amepata kazi ya miaka miwili kwenye kambi moja ya mbali ya kugandisha samaki. Kambi ilimpa chumba cha kuishi na mke, kwa sharti kwamba mke awe na cheti cha ndoa, na kwamba ofisi yetu ikithibitishe cheti hicho kwa simu siku ya safari. Basi lilikuwa linaondoka Ijumaa. Bila cheti Fundi angeondoka peke yake, na Kitinda angebaki kwetu miaka miwili akimsikiliza kaka yake akitafuta vina.

Zamani cheti kilisainiwa na Msajili kabla soda haijapoa. Katika zama za Ruhusa kilihitaji idhini ya Daraja la Kwanza. Mkurugenzi alikuwa mtu wa shughuli nyingi, kwa hiyo maharusi walijipanga kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa muuza viatu, wengine na shela zao, wengine wameshaanza kugombana kama watu waliooana.

Kitinda alinifuata ofisini akaniomba nimsogeze mbele. Nilimweleza kwamba mwongozo, kifungu nilichokiandika kwa mkono wangu, unataka ndugu wa maofisa wahudumiwe mwisho, ili kuondoa minong'ono. Aliuliza mwisho uko wapi. Nilimwonesha kupitia dirishani. Kila alipokuwa akitazama, mtu mwingine alikuwa anajiunga, na kwa sababu yeye ni ndugu yangu ilibidi arudi nyuma ya huyo.

"Kaka," alisema, "mimi nimekuwa wa mwisho tangu tumboni. Lakini hata mimi nilizaliwa."

Nilimshukuru kwa maoni yake. Nyumbani Mama aliniuliza, kwa upole wake ule unaotisha, kama hii kazi yangu ya kuruhusu watu imewahi kumruhusu mtu yeyote. Nilimwambia takwimu zinaandaliwa. Akaninyang'anya sahani.

Ikatokea kwamba Mkurugenzi alialikwa kwenye kongamano la kimataifa kuhusu ruhusa, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Hapo pakazuka swali la nani akaimu. Naibu Mkurugenzi alikuwa amepiga rangi viatu vyake tangu alipousikia mwaliko, na alikuwa anapita mbele ya mlango wa Mkurugenzi akitembea kwa namna ya mtu anayepimia mazulia.

"Huyu nikimwachia kiti hiki," Mkurugenzi aliniambia baada ya kufunga mlango, "nikirudi nitamkuta ameota mizizi. Tafuta kanuni."

Nilitafuta, sikuiona, nikaitunga. Kanuni ilisema kwamba Daraja la Kwanza akiwa nje ya jengo, ruhusa zake zote zinahamia kwa mtumiaji aliyetumikia Mamlaka kwa muda mrefu kuliko wote. Mkurugenzi aliipenda, kwa kuwa Naibu aliajiriwa juzi tu. Nikaingia kwenye mfumo kumtafuta huyo mkongwe. Sasa, mfumo wetu haubagui. Watumiaji na vifaa niliwaweka kwenye daftari moja, maana Kamati ilishindwa kukubaliana nani aanze. Nilipowapanga kwa mwaka wa kuingia kazini, juu kabisa, juu ya Msajili, juu ya Mlinzi na juu ya Mkurugenzi mwenyewe, akatokea Bibi.

Bibi ni mashine ya fotokopi ya ghorofa ya kwanza. Ana ukubwa wa kabati la nguo na rangi ya maziwa yaliyochacha, na kila asubuhi hukohoa kwanza ndipo apate moto. Inasemekana alifika kabla jengo halijaezekwa, na mvua ya kwanza ilimnyeshea. Watumishi wote humwita Bibi na kumwamkia wanapopita, kwa sababu asipoamkiwa hutoa nakala zenye mistari.

Nilimpelekea Mkurugenzi taarifa hiyo nikitegemea kufukuzwa. Alicheka mpaka akaishika meza. "Mwache Bibi akaimu," alisema akijifuta macho. "Kitu kisicho na makalio hakiwezi kukalia kiti changu."

Akasaini, akapanda ndege. Maombi yote ya ndoa aliyaacha kama yalivyokuwa, la Kitinda likiwa la mwisho, kwa mujibu wa mwongozo.

Mtu asiyejua utawala atauliza mashine inaidhinishaje. Mwongozo uko wazi: mtumiaji ataonesha ridhaa yake kwa kubonyeza au kubonyezwa kitufe cha kijani. Katika jengo lote hakuna aliyekuwa na kitufe cha kijani kikubwa kama cha Bibi. Ombi lililazwa kwenye kioo chake, mwanga ukapita kutoka upande huu hadi upande ule, jambo ambalo hakuna mkurugenzi aliyewahi kuyafanyia maombi ya wananchi, kisha nakala ikatoka ikiwa ya moto. Hiyo ndiyo ikawa idhini.

Msimamizi wa chumba hicho ni Mama Wino, mwanamke mwenye sauti ya kipaza sauti na kanga begani. Alijiteua Katibu Mahsusi wa Kaimu bila kuniuliza. Akaweka kiti mlangoni, akaanza kuwaambia watu Bibi ameamkaje. Mambo yakaenda kwa kasi isiyo ya kiserikali. Bibi hakuomba mtu arudi kesho, wala hakutoka kwenda kupokea simu, na hakuna aliyeambiwa Bibi yuko kikaoni. Siku ya pili foleni ilikuwa imefupika mpaka getini, siku ya tatu mkia wake ulikuwa umepanda ngazi, na muuza viatu alikuja kulalamika kwamba biashara imedorora.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado dirishani, ikafika zamu ya wa mwisho. Kitinda alilaza ombi lake juu ya kioo. Bibi akakohoa, akalia kama mtu aliyekabwa na mfupa, akawasha taa nyekundu.

"Kaimu amekataa," Mama Wino alitangaza.

Kitinda alinigeukia. Alinitazama tu, kwa macho ya Mama.

Nilieleza kwamba karatasi imekwama ndani, jambo la kawaida. Mama Wino akaniuliza kama niko tayari kuingiza mkono tumboni mwa Daraja la Kwanza. Sikuwa tayari. Kwanza ni utovu wa adabu, na pili kifungu changu kinakataza mtumiaji wa daraja la chini kufungua mfuniko wa daraja la juu bila kuwa kifaa cha matengenezo kilichosajiliwa. Fundi Friji alikuwa chini, nje ya geti, na kwenye mfumo hakuwa mtumiaji wa chochote.

Hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo wajukuu zangu watasimuliwa. Nilishuka mpaka getini, nikaomba bisibisi ya Fundi, nikaifungulia akaunti. Jina: Bisibisi. Aina: kifaa cha matengenezo. Kwenye nafasi ya viambatisho nikamwandika Fundi, kwa maelezo kwamba kifaa hakitembei chenyewe. Mlinzi aliipokea bisibisi kwa heshima, taa ikawa ya kijani, na kiambatisho chake kikapita nyuma yake.

Fundi aliinama akamnong'oneza Bibi maneno mawili matatu, akafungua mfuniko, akatoa karatasi iliyokunjamana kama sambusa. Ilikuwa barua ya Naibu kwenda kwa Bodi, ikilalamika kwamba Kaimu ni mashine. Alikuwa amekuja kuitoa nakala. Bibi akafungwa, akakohoa, mwanga ukapita juu ya jina la mdogo wangu taratibu kabisa, kama mtu anayesoma. Cheti kikatoka. Msajili alilia, ingawa kwa daraja lake hakuruhusiwa kuona kwa nini.

Alhamisi hiyohiyo tulipokea ujumbe wa Mkurugenzi. Kibali chake cha safari kilikuwa kinaisha siku hiyo, naye alihitaji siku moja zaidi, kwa sababu ya bwawa. Kwa kuwa kanuni inamzuia mtu kujiongezea ruhusa mwenyewe, ombi lake lililazwa kwenye kioo. Bibi hakuwa na kinyongo, akampa. Mkurugenzi alijibu kwamba anamshukuru Kaimu, akaweka na kichoro cha uso unaocheka.

Ijumaa asubuhi Kitinda na Fundi walipita getini kuniaga, na begi, na ndoo mpya, na Mama akiwa amebeba mto. Mwenyekiti wa Bodi naye alikuwa hapo. Alikuja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, akakipata kabla hajakaa, na alikuwa bado amekishika akikitazama kwa mashaka. Ndipo teksi ikasimama na Mkurugenzi akashuka, pua imebabuka kwa jua.

"Simu kwanza, mzee, ubeti baadaye," Mlinzi alisema.

Mkurugenzi alitoa simu mpya inayong'aa, ile ya zamani ikiwa imezama bwawani. Mlinzi aliigusisha kwenye mtambo wa geti. Taa nyekundu.

"Simu hii haijulikani."

"Na mimi sijulikani?"

"Wewe nakujua, mzee. Ila mfumo hauniulizi mimi."

Mkurugenzi alivuta pumzi akasoma ubeti wake. Muuza viatu aliitikia, na Mama, ambaye hakuwa ameusikia kabla, aliuliza ni nani aliyetunga upuuzi huo. Taa ilibaki nyekundu. Mlinzi alieleza kwamba kifaa kipya huidhinishwa na Daraja la Kwanza. Mkurugenzi alisema Daraja la Kwanza ndiye yeye. Mlinzi alikubali, ila akiwa ndani. Akiwa nje, ni Bibi.

"Basi Bibi aidhinishe."

"Hana neno. Mwenye kifaa akipeleke mwenyewe ghorofa ya kwanza."

"Nipishe basi nipite."

"Utapitaje, mzee, na simu haijulikani?"

Mkurugenzi alizunguka akatutazama wote, na mishipa ya shingo ikajitokeza. Alisema kwamba hayo yote ni mzaha, kwamba Bibi ni mashine ya fotokopi na si kitu kingine. "Kila alichokifanya ni batili," alisema. "Vibali batili. Vyeti vyote vya ndoa batili, kuanzia sasa na kurudi nyuma."

Kitinda aliweka begi chini. Fundi alikuwa amemshika mkono, na mkono ule, kwa muda ule, nao ulikuwa batili. Basi lilikuwa linaondoka mchana, na kambi ingepiga simu kuuliza.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Jambo lisipokuwa wazi, huuliza. Niliuliza kwa nia njema kabisa, na kwa sauti ninayotumia kusomea mashairi.

"Mheshimiwa, na ile siku moja ya nyongeza uliyopewa na Bibi, nayo ni batili?"

Niliendelea kusaidia. Nilimkumbusha kanuni yake aipendayo, ile aliyomfukuzia mhudumu wa lifti, kwamba mtumishi akikaa nje bila kibali hata siku moja, amejiachisha kazi mwenyewe. Mwenyekiti wa Bodi aliacha kukitazama cheti akaanza kumtazama Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliirudisha simu mfukoni. Akasema, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni pake, kwamba akifikiria vizuri, Kaimu alikuwa halali.

"Halali kabisa?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kabisa."

"Na vyeti?"

Mkurugenzi alimtazama mdogo wangu, kisha ndoo, kisha mto. "Na vyeti," alisema.

Kitinda alichukua begi lake akaondoka upesi, kabla halali haijabadilika tena. Fundi alinipa mkono. Mama alinirudishia sahani kwa maneno, mbele za watu.

Mwenyekiti ni mtu wa hesabu fupi. Alisema kwamba kama Kaimu ni halali, basi Mamlaka ina kiongozi halali aliyemaliza foleni, asiyesafiri, na asiyeogelea. Aliwapigia wajumbe simu, na Bodi ikakaa palepale getini, ikamthibitisha Bibi kuwa Mkurugenzi. Naibu, aliyekuwa ameshuka kusikiliza, alipiga makofi, akauliza kama nafasi ya kukaimu bado ipo. Anaendelea kungoja, na viatu vyake vinang'aa.

Ila msiseme tulimtupa mtu. Yule mkurugenzi wa zamani aliomba aingie japo achukue picha zake ukutani, na mimi ndiye niliyepata njia. Niliifungulia simu yake mpya akaunti. Aina: kifaa cha pembeni. Msimamizi wake: Bibi. Kazi: kulisha karatasi. Na kwenye nafasi ya viambatisho, kwa kuwa kifaa hakitembei chenyewe, nikamwandika yeye. Taa ikawa ya kijani. Simu ikapita, naye akapita nyuma yake.

Yuko huko mpaka leo. Bibi amehamishiwa ofisi kubwa yenye zulia, na kambi ilipopiga simu Ijumaa ile, Mama Wino aliiweka simu karibu na mashine wakamsikia Mkurugenzi wetu mpya akikohoa, wakaridhika. Msajili amerudishiwa macho yake, birika linachemsha, nami natunga ubeti mpya wa geti, mrefu kidogo.

"Lisha taratibu, baba," Mama Wino humwambia yule wa pembeni. "Ukimharakisha anakwama."

Juzi aliniandikia ombi kwa njia sahihi, kupitia kioo. Anasema kazi ya kulisha karatasi ni ya kusimama kutwa, miguu inamuuma, anaomba kile kiti chake cha zamani. Bibi aliidhinisha, maana hakatai kitu. Ikabidi mimi, kama Katibu, niandike maelezo ya utekelezaji: kwamba kiti kilipelekwa getini na sasa anakikalia Mlinzi, na kwamba viti vya ofisi kubwa vimefutwa vyote, kwa kuwa Mkurugenzi wa sasa hana makalio.